Vyuma vya Mchago

Mwaka wa 1962, nikiwa na miaka kumi na sita, ndipo taabu ilipotuingilia nyumbani. Baba alikufa. Sitaeleza alikufaje, mtu akifa amekufa. Alikuwa akipakua mizigo bandarini, na alipoondoka alimwacha mama, akaniacha mimi na dada zangu wadogo wawili, na nyumba ya Kibokoni, hapa Mombasa, iliyokuwa ya upande wa mama tangu hapo. Kitu chake yeye mwenyewe kilichobaki kilikuwa kimoja: kitanda cha samadari alichokinunua walipooana.

Nataka kukisema kitanda hicho. Mambo yangu mengine watu wanayajua, na wasioyajua waulize, nitawajibu bila kuona haya.

Vijana wa leo wanalala kwenye mbao, kwa hiyo nieleze. Samadari ni kitanda cha chuma kitupu. Upande wa kichwani, unapowekwa mto, panaitwa mchago. Vile vyuma bapa vinavyolazwa katikati kubeba godoro vinaitwa chaga. Mchago na chaga. Ni maneno mawili yanayofanana kama ndugu, na mimi yamenikaa rohoni mpaka uzee huu.

Mchago wa kitanda cha wazazi wangu ulikuwa na vyuma vya mviringo vilivyosimama sambamba, unene wa kidole gumba, juu vimefungwa na upinde, na kila pembe ina kifundo cha shaba. Baba alikuwa akirudi kazini anatundika kofia yake kwenye kifundo cha upande wa mlango. Kwa hiyo kifundo hicho kiling'aa, na mwenzake alikuwa mweusi.

Mimi wakati huo skuli nilikuwa nimekwisha kuacha. Nilifika darasa la pili nikaona inatosha, na skuli nayo ikaona inatosha. Nikaenda Shimanzi kumsaidia fundi mmoja Kalasinga aliyekuwa akitengeneza mageti na matela. Yule mzee alinifunza kukata chuma. Alikuwa akinitazama ninavyosukuma msumeno kwa nguvu zangu zote, jasho linanitoka, meno ya msumeno yanakatika, basi ananipiga kikofi cha mgongo.

"Wewe kata chuma," husema. "Hapana pigana na chuma."

Mwaka uleule aliokufa baba, Kalasinga naye alifunga kazi akahamia bara kwa nduguye. Aliniachia msumeno wa chuma, tupa mbili zilizochakaa, keekee ya mkono ya kutobolea, na jiriwa la kubania chuma, lenye ufa. Nililifunga jiriwa lile kwenye kipande cha boriti, nikaliweka ukumbini kwetu, chini, karibu na mlango. Hiyo ndiyo karakana yangu ya kwanza. Vyombo vya kukatia nilikuwa navyo. Chuma cha kukata ndicho sikuwa nacho.

Chuma kilikuwa Shimanzi, kwenye magudauni. Nilikwenda nikamkuta Mhindi mwenye mali amekaa juu ya kiti chake cha kukunja. Nikamwambia nataka nondo, nusu ya mche mmoja. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Hapana kata," alisema. "Hii si kitambaa. Chukua zima ama nenda zako."

Nikaenda zangu.

Nyumbani tulikuwa bado na matanga. Watu walikuwa wakilala chini juu ya mikeka, kwa hiyo kile kitanda kilifunguliwa ili papatikane nafasi, na vipande vyake vikaegemezwa ukutani palepale ukumbini, pembeni mwa jiriwa langu. Mchago ulisimama upande mmoja, chaga zimefungwa kwa kamba upande wa pili. Mama alikuwa ameingia eda. Chumba chake kilikuwa cha ndani, kikiwa na pazia zito, na wanawake wa mtaa walikuwa wakimjia zamu kwa zamu kumshika mkono.

Sasa, siku zile mtaani kwetu palikuwa na wezi wa upondo. Mwizi wa upondo hana haja ya kuvunja mlango. Anasimama kichochoroni, anapenyeza mti wake mrefu wenye kulabu dirishani, anavua nguo zako kama anayevua samaki, na wewe umelala palepale unakoroma. Jirani yetu, bibi mmoja mjane aliyekaa nyumba ya kona, alivuliwa buibui lake jipya. Wanawake wakamcheka wiki nzima.

"Nenda kalitazame sokoni, Bi Mkubwa, huenda mwizi amelivaa!"

"Akilivaa atapendeza kuliko mimi," akawajibu. Lakini alikuwa na hofu. Alianza kulala dirisha limefungwa, na joto la Kibokoni mwezi wa pili ni kama kulala ndani ya chungu. Akanijia ukumbini.

"Wewe si fundi chuma sasa? Nifanyie nondo za dirisha, mwanangu. Nikipata usingizi nitakuombea dua mpaka uchoke mwenyewe."

"Nitakufanyia, bibi."

"Na chuma unacho?"

"Ninacho," nikasema.

Sikuwa nacho. Lakini sijapata kumwambia mtu kwamba sina, na siku hiyo sikuanza.

Alipotoka nikakaa nikiuangalia ukuta. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuniambia, siku chache nyuma, kwamba kitanda kile kimekuwa kikubwa kwake, nikitaka chuma cha kuanzia kazi nimwambie, ataona. Basi nikaenda mpaka kwenye pazia. Ndani kulikuwa na wanawake wageni, sikuweza kuingia. Mtoto wa mtu alikuwa akilia, na mwanamke mmoja alikuwa akihadithia maradhi yake kwa sauti.

"Mama!" nikaita. "Nimepata kazi. Nataka chuma. Nikate kipi?"

Akanijibu kutoka ndani, sauti imechoka. Alisema neno fupi. Nikalisikia hivi: "Chukua vya mchago."

"Vya mchago?" nikauliza.

"Ee, mwanangu. Mungu akubariki."

Nikarudi kwenye jiriwa.

Naukumbuka mkato ule wa kwanza kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Nililaza mchago juu ya boriti, nikabana chuma cha kwanza kwenye jiriwa, nikatia tone la mafuta ya nazi kwenye msumeno kwa kuwa mengine hapakuwa. Nikakata sikupigana. Kilikuwa chuma kizuri, cha kazi ya zamani, hakina jipu wala ufa. Msumeno ulikula taratibu, ukiimba sauti moja, na vumbi lake lilikuwa la kung'aa. Kule ndani, wale wanawake walinyamaza kusikiliza. Nikamsikia mama akiwaambia, "Ni mwanangu huyo. Anafanya kazi." Alisema kwa fahari. Wakati huo mimi nilikuwa nakata pale baba alipokuwa akiegemeza kichwa.

Na hili niliseme pia, maana nikiliacha nitakuwa nimeandika bure. Nondo za dirisha zataka vyuma viwili bapa vya kulala, juu na chini, vitobolewe matundu, kisha vile vya mviringo vipitishwe na kugongwa vichwa. Vyuma bapa nilivitoa wapi? Kwenye chaga. Nilifungua kamba, nikachukua chaga mbili, nyingine nikazifunga tena nikazirudisha ukutani. Nilizishika kwa mkono huu. Hazikunikumbusha kitu.

Upinde na matendegu, ile miguu ya upande wa mchago, vilibaki vipande. Alipita mnunuzi wa vyuma chakavu, nikampa, na kifundo kimoja cha shaba akakikokota pamoja. Kingine kilikuwa kimeviringika chini ya mkeka. Nilipokiokota jioni nikaona ni kile cheusi.

Nondo za bibi wa kona zilikaa vizuri. Nilizichimbia kwenye mawe ya dirisha, nikazipigilia, nikazitingisha kwa mwili wangu wote, hazikusogea. Usiku ule alilala dirisha wazi. Asubuhi alisimama mlangoni pake akiwatangazia wapitao, "Nimelala mimi! Leo nimelala!" Na dua alinipigia kweli, nyingine kwa sauti, mbele za watu. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa na madirisha mengine ya kufanya, chuma wakileta wenyewe, mpaka kule karibu na ngome. Dada zangu wakala. Mimi nikaanza kutembea kama mtu.

Eda ikamalizika. Mama alikoga, akavaa nguo zake, akafukiza udi, akatoka ukumbini mara ya kwanza tangu baba afe. Akaangalia jiriwa, akaangalia vumbi la chuma lililokwisha kuingia kwenye sakafu, akatabasamu.

"Haya fundi," akasema, "nifungie kitanda changu. Mifupa imechoka na mkeka. Chaga utanikatia za mti, mikoko miembamba itatosha."

Nikasema, "Chaga zipo, mama. Zimepungua mbili tu."

"Zimepungua mbili? Na zile nondo za mwenzangu wa kona umezifanya kwa vyuma gani?"

"Kwa vya mchago. Kama ulivyosema."

Akageuka kutazama ukuta. Pale mchago ulipokuwa umeegemea palikuwa na alama tu ya kutu kwenye chokaa.

"Mimi nilisema mchago?"

"Ulisema chukua vya mchago. Nikauliza tena, ukasema ee."

"Nilisema chukua vya chaga." Alisema polepole, kama anayemfunza mtoto kutamka. "Vya chaga. Vyuma bapa. Nilifikiri utafanya ndimi za mbuzi za kukunia nazi, ukauze sokoni. Nikasema hivyo vitamfaa."

Nilitamani anipige. Nilikuwa nimemzidi kimo, lakini ningeinama. Dada yangu mdogo alianza kucheka, kisha akaona nyuso zetu akaacha. Mama alikaa juu ya kizingiti, akafikiri kidogo.

"Basi," akasema, "tutalala bila kichwa."

Tulikifunga kitanda upande wa miguuni kikisimama kwa matendegu yake, na upande wa kichwani nikakiegemeza juu ya mawe mawili ya tumbawe. Nikamwambia tukigeuze, miguuni pawe kichwani, hata mtu hatajua.

"Niweke kichwa changu ilipokuwa miguu ya baba yako?" akauliza. "Hata. Wacha mawe."

Akalala juu ya mawe. Na mimi ndani ya moyo wangu nikaapa kwamba chuma kizima cha kwanza nitakachonunua kwa jasho langu kitakuwa mchago wa mama.

Hilo nililitimiza, lazima niseme. Ulipopatikana uwezo nilirudi Shimanzi kwa yuleyule Mhindi. "Nondo nzima," nikamwambia, kabla hajafungua kinywa. "Usinikatie." Akacheka, akanichagulia iliyonyooka. Nikamwita hamali, tukaubeba mche ule begani, yeye mbele mimi nyuma, tukapita barabarani kama wafalme mpaka tulipofika Mji wa Kale. Hapo wafalme walikwisha. Vichochoro vyetu havikujengewa mtu mwenye nondo nzima. Kwenye kona ya kwanza hamali alikunja, chuma kikakataa. Mimi nikawa kichochoro kimoja, yeye kingine, na chuma kimekwama kwenye mawe ya nyumba ya watu.

Wazee waliokuwa barazani wakapata la kufanya.

"Mpindeni hamali!" mmoja akapiga kelele. "Chuma kiacheni, mpindeni hamali!"

"Mwambieni mwenye nyumba asogeze ukuta!"

"Fundi, kipitishe juu ya dari, majini hawana neno!"

Mwishowe mzee mmoja akaja akakalia ncha moja juu ya baraza lake ili kisicheze, na kahawa yake mkononi, na mimi nikakata palepale, watu wamejaa. Hapakumwagika hata tone. Nilijifunza siku ile kwamba kwa mtu wa Kibokoni chuma hukatwa kabla ya kona, na tangu hapo nilikuwa nikienda Shimanzi na msumeno wangu.

Nikatengeneza mchago. Wallahi ulikuwa mzuri. Vyuma vipya, upinde nilioukunja kwa moto, matendegu imara, rangi nyeusi ya kung'aa. Kifundo cheusi cha shaba nikakisugua kwa ndimu na jivu mpaka kikang'aa, nikakitia upande wa mlango. Nikauleta kwa mama kama mtu anayeleta posa.

Akaupitishia mkono. "Umekuwa fundi kweli," akasema. "Asante, mwanangu. Mungu akupe."

Asubuhi niliukuta umeegemea ukuta, na kitanda kimerudi juu ya mawe. Alikuwa amewaamsha dada zangu wakamsaidia.

"Kinanuka rangi," akasema.

Nikausubiri ukauke. Nikaufunga tena. Baada ya siku kidogo nikaukuta umetolewa. Safari hii alisema uko juu sana, shingo inamuuma. Nikaukata matendegu nikaushusha. Akalala nao, akautoa. Unapiga kelele akigeuka, alisema. Nikatia vitambaa kwenye maungio. Akasema una baridi. Chuma gani Mombasa kina baridi? Hapo nikaelewa, hata mimi niliyekuwa mgumu wa kuelewa. Hakutaka kunivunja moyo, na hakuweza kulala. Nikaubeba mpaka kwenye jiriwa, nikaukata vipande, nikamfanyia mtu mwingine dirisha. Hakuuliza umekwenda wapi.

Kwa hiyo nikaanza kumwangalia. Alikuwa akitoka baada ya alasiri, kila siku kama si mvua, anakwenda kwa bibi wa kona. Nilidhani wanazungumza tu, kama wanawake. Siku moja nilikuwa nikipita na mzigo wangu wa vyuma nikamwona. Hakuwa ameingia ndani. Bibi alikuwa amekaa kitandani kwake karibu na dirisha, na mama amesimama nje kichochoroni, bega limeegemea ukuta, wanasengenya kama kawaida yao. Mkono wake mmoja umeshika nondo ya pembeni, ile ya upande wa mlango. Hakuishika kama mtu anayejizuia asianguke. Alikuwa akiisugua kwa kidole gumba, juu, chini, huku akicheka maneno ya mwenzake. Na chuma pale kilikuwa kimekwisha kung'aa.

Niligeuza njia. Mtu mzima mimi, mwenye mzigo begani, nikazunguka mtaa mzima nisipite pale.

Usiku huo sikula. Kesho yake nikaenda kwa bibi wa kona peke yangu.

"Masalkheri, bibi. Nataka nikubadilishie hizi nondo. Nitakutilia mpya, nene zaidi, bure."

"Kwani hizi zina nini?"

"Za zamani."

"Na mimi ni wa zamani. Utanibadilisha?" Akanitazama vizuri. "Nimekwisha jua unataka nini. Mama yako ameniambia zamani. Kamuulize yeye. Akisema ndiyo, uje na nyundo yako sasa hivi, mimi nitalala dirisha limefungwa mpaka umalize."

Nikaenda kwa mama. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Nimezungumza na bibi," nikasema. "Nitakurudishia mchago wako."

Hakuinua kichwa. "Utauvunja ukuta wa mwenzangu?"

"Nitautengeneza. Nitamwekea nyingine bora."

"Yeye hulala?"

"Nani?"

"Mwenzangu. Tangu ulipomtilia, hulala usiku?"

"Hulala."

"Basi viache." Akapeta mchele, makapi yakaruka. "Vyuma vile kazi yake ni kumlaza mtu. Hata sasa vinamlaza mtu. Ukivitoa pale, nitakuwa naviegemea huku namfikiria yeye yuko macho. Viache, mwanangu."

Nikakaa. Kisha nikamuuliza lile neno, ambalo kwa miaka nilikuwa nalo kooni.

"Mama, siku ile. Kweli ulisema chaga?"

Akasimamisha ungo. "Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia mchago."

"Basi ulisikia mchago," akasema, akaendelea na mchele wake.

Angesema nimedanganya, ningekuwa na la kujitetea. Angesema amenisamehe, ningemshukuru na kusahau. Aliniachia lile sikio langu nikae nalo. Na mimi nimekaa nalo, na ninalijua. Mwezi ule nilikuwa nataka nondo za mviringo, si vyuma bapa. Nilikuwa nataka madirisha, si mbuzi za nazi. Nilisimama kwenye pazia lile nikiwa tayari nimekwisha pima kwa macho ni vyuma vingapi vitatoka kwenye mchago. Sikumbuki kama aliniambia vya mchago. Nakumbuka kwamba nilifurahi niliposikia.

Mama alikufa kabla ya ile miaka ya sitini kwisha, juu ya kitanda kile, kichwa chake upande wa mawe. Waliokuja kumwosha wakaniuliza kwa nini fundi chuma amemlaza mama yake hivi. Nikawaambia, kwa sababu ni fundi chuma. Hawakuelewa, wakadhani ni majonzi.

Bibi wa kona alimfuata. Nyumba yake ina watu wengine sasa, ambao sikuwahi kuingia kwao. Nondo bado zipo. Wamezipaka rangi ya kijani mara nyingi, moja juu ya nyingine, na pale palipong'aa hapaonekani tena. Nikipita huwa sizigusi, maana si zangu.

Watoto wangu wanaposema mzee ana mali, wanasema kweli. Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya Kibokoni, iliyotengenezwa paa. Nyumba ya pili, ng'ambo ya daraja, ya kupangisha. Karakana mbili, moja Shimanzi, yenye mashine ya kukatia chuma inayokata mche mzima kabla hujamaliza kusema bismillahi. Lori moja. Jiriwa la Kalasinga, lenye ufa uleule. Msumeno wake, bila meno. Samadari moja, ninayolala mimi, chaga zimepungua mbili, upande wa kichwani mawe mawili ya tumbawe. Kifundo kimoja cha shaba, kile kilichokuwa cheusi. Mchago sina.